Jumapili ni fainali

Leo nimechelewa kufunga chumba kwa sababu ya kijana mmoja wa Mbagala, winga wa timu ya mchangani. Kaingia akichechemea, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba kama andazi. Hata kukaa hajakaa: "Dada dokta, nichome hata sindano, Jumapili fainali."

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Udokta sina na sindano sichomi, ila nimeshachoka kusahihisha, siku hizi naitika tu. Zawadi ya fainali yenyewe ni ng'ombe. Anayezijua ndondo za Dar anajua ng'ombe huyo anavyoweza kumtoa mtu akili.

Aliteguka juzi. Bibi yake akamkanda maji ya moto, halafu jirani akaja kumchua kwa nguvu mpaka kijana akatoa machozi. Bibi simlaumu, hata mimi nilikandwa hivyohivyo utotoni, na joto linaliwaza kweli. Lakini siku mbili tatu za mwanzo, kano ikiwa ndiyo kwanza imechanika, moto na kuchua vinazidisha uvimbe tu.

Nikaanza na mfupa. Nikabonyeza kwa kidole gumba nyuma ya kifundo, upande wa nje kisha wa ndani, nikipanda sentimita 6. Nikashuka kwenye unyayo, pale mfupa wa kidole kidogo unapoanzia. Nikamwambia atembee hatua 4. Akatembea, uso umekunjamana. Vipimo hivi vilitoka kwa madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na vimeokoa hela za eksirei za watu wengi sana. Mifupani hapakuuma. Palipouma ni mbele kidogo ya kifundo, upande wa nje, kwenye kano.

"Kwa hiyo sijavunjika? Basi nacheza!"

Nikamwambia, mdogo wangu, simama kwa mguu mzima, fumba macho. Akasimama mpaka nikamwambia basi. Haya, badilisha. Nikahesabu: moja, mbili, tat... akanidaka bega. Akafumbua macho, akautazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

Kano ikichanika, mguu unapoteza na ule uwezo wa kujua umekanyaga vipi. Uvimbe utaisha, maumivu yataisha, mguu bado haujui. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huwa rahisi kuteguka tena.

Hili nilikuwa nimelisoma darasani, na bado nikakosea. Miaka yangu ya mwanzo kulikuwa na beki mmoja ambaye wiki ya pili tu alisema haumwi popote. Kifundo kimepungua, anacheka, timu inamtaka. Nikamruhusu bila kumwambia hata aruke kwa mguu mmoja. Kipindi cha kwanza hakijaisha akageuka kuufuata mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Mguu uleule. Nikakimbia na barafu yangu. Kalala pale mchangani, ananiambia: "Samahani dada, nimekuangusha." Afadhali angenitukana.

Huyu wa leo nimemkatia kipande cha tyubu ya baiskeli (mipira ya dukani ni ghali, na tyubu haikatiki ovyo), nikamwonyesha namna ya kuuvuta mguu kwa ndani na kwa nje, polepole. Kesho ashike ukuta ajaribu kunyanyua visigino, maumivu yakipanda apumzike, yakitulia aendelee. Kutembea atembee, asijilaze kitandani wiki nzima. Mpira bado. Akauliza kama bendeji ikikazwa sana haitoshi. Nikamwambia bendeji haiwezi kumfumbulia mguu macho.

Saa mbili usiku mwenyekiti wa timu kanipigia. Sauti ya upole kabisa: "Dada yangu, hata dakika 15 za mwisho?" Nikamwambia hapana. Akanishukuru haraka mno, akakata.

Jumapili nitapita uwanjani. Macho yangu yataanzia benchi.