Friza bovu lililookoa bia yangu

Bia yangu ya kwanza ilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Shemeji alikunywa glasi mbili kwa heshima tu, kesho yake saa nne asubuhi akanipigia simu kuuliza nilitia nini mle. Sikutia kitu. Ni kimea, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), maji na hamira, basi, kwenye ndoo niliyoiacha kwenye kona ya stoo hapa Sinza, mwezi wa pili.

Stoo ilikuwa na nyuzi 31. Nisichojua ni kwamba hamira ikishachachamaa inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo hali ilikuwa mbaya zaidi. Hamira nyingi za ale, aina ya bia ninayopika, zinataka nyuzi 18 hadi 22. Kwenye joto lile zinafanya kazi kwa pupa: povu linagusa kifuniko siku hiyohiyo, wewe unashangilia, kumbe unatengenezewa cha kupasulia kichwa.

Jamaa yangu mmoja wa Dodoma akanicheka. "Kaka, hiyo rahisi sana. Ndoo weka kwenye beseni la maji, ivalishe fulana, washa feni." Nikatoa fulana niliyogawiwa kwenye kampeni, feni usiku kucha, LUKU inalia. Asubuhi napima, imeshuka nyuzi moja na kidogo. Siku ya tano fulana imeota ukungu na kwenye beseni viluwiluwi vya mbu wanacheza. Nilimsema yule bwana wiki nzima mpaka akili ikanijia. Kwao hewa kavu, nguo inakauka ukigeuka tu. Dar unaanika shuka asubuhi, jioni bado linanata. Kinachopoza ni maji kukauka, na huku hayakauki. Ushauri haukuwa wa uongo, ulikuwa wa Dodoma!

Nikajaribu kumwaga barafu kwenye beseni. Usiku ikashuka hadi 14, hamira ikalala fofofo. Tuyaache hayo.

Siku moja kwa fundi friji nikaona friza la kulala, kompresa imekufa, yeye kaligeuza meza ya redio. Nikamuuliza bei. "Unalitaka la nini, la kufugia kuku?" Tukamalizana kwenye elfu arobaini hivi, na kirikuu juu yangu. Mke wangu alipoona linashushwa alirudi ndani bila kusema neno.

Friza halihitaji umeme, nalitumia kama boksi la kutunza ubaridi. Ndoo inakaa katikati, pembeni nasimamisha chupa za maji za lita moja na nusu zilizoganda kwenye friji ya jikoni: mbili asubuhi, mbili usiku, zilizoyeyuka zinarudi kugandishwa. Umeme ukikatika nalala usingizi. Ila kipimajoto usikitundike hewani kama nilivyofanya mimi, maana hewa ya mle ni baridi na bia bado inachemka. Mimi nakibandika ubavuni mwa ndoo kwa selotepu, juu yake nakifunika na kipande cha godoro. Hiyo hakunifundisha mtu. Kinasoma 19, na 19 ni ya bia yenyewe.

Siku tatu za mwanzo ndizo za kukesha. Kuanzia ya nne napunguza chupa, naiacha ipande taratibu hadi 22 imalizie kazi. Ugomvi uliobaki ni wa jikoni, chupa zangu zimewafukuza samaki.

Shangazi aliposhuka kutoka Kibosho, mama aliyepika mbege maisha yake yote, alifunua friza akagusa ndoo kwa mgongo wa mkono. "Mwanangu, kwetu pombe tunaitafutia joto, wewe unaizika kwenye barafu?" Nikammiminia. Akaonja, akakunja uso. "Chungu kama msesewe," lile gome la kutia uchungu kwenye mbege. Halafu akasogeza glasi niiongeze.