Ukimya wa Darasani, Tanga na Shimane

Mwalimu msaidizi wa Kiingereza anayefika Japani mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti hukuta wanafunzi wako likizo ya kiangazi, ilhali walimu wanakuja kazini karibu kila siku. Ndivyo nilivyoanza mimi katika mkoa wa Shimane, magharibi mwa kisiwa cha Honshu, upande unaotazama Bahari ya Japani: nilipewa meza katika chumba cha walimu, nikarundikiwa vitabu vya kiada, na nikazungukwa na wenzangu wenye shughuli nyingi ambao walinisalimu kwa adabu kubwa asubuhi na kuniaga kwa adabu ileile jioni. Wiki hizo, kabla sijaingia darasani hata mara moja, zilinielemea kuliko baridi, chakula au lugha, kwa sababu mtu aliyelelewa Tanga katika nyumba yenye watu wengi hajazoea kukaa kutwa nzima kati ya watu bila yeyote kumwuliza habari za nyumbani kwao.

Nilikuja kwa programu ya JET, yaani mpango wa kuleta vijana wa kigeni, wengi wao wasaidizi wa kufundisha lugha shuleni, ambayo Japani iliianzisha mwaka 1987 kwa kuwaleta vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, na ambayo leo huchukua vijana wa nchi nyingi zaidi. Niliomba kama raia wa Uingereza, kwani wazazi wangu walihamia huko nilipokuwa nimemaliza kidato cha pili, na nilikuwa na shahada ya kwanza, ambayo ndiyo sharti la elimu. Mwajiri wa msaidizi ni mji au mkoa anakopelekwa, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa hadi kufikia miaka mitano. Ndiyo maana masimulizi ya wasaidizi hayafanani: mmoja hupangiwa shule moja kubwa mjini, mwingine huzunguka shule ndogo kadhaa za vijijini, na nyumba, usafiri na wingi wa vipindi hutegemea bodi ya elimu ya mahali hapo. Mwenye nia ya kuja asijenge picha yake kwa maneno ya mtu mmoja, yangu yakiwemo.

Shughuli za ofisini zilikwisha upesi, kwani afisa wa bodi ya elimu alifuatana nami kujiandikisha katika ofisi ya mji, kufungua akaunti ya benki na kusoma ratiba ya takataka, ambazo hutenganishwa kwa aina na kutolewa kila aina kwa siku yake. Nyumba ndiyo iliyohitaji mazoea ya muda mrefu. Nyumba nyingi za huku hazina mtambo wa kupasha joto vyumba vyote, na kuta zake hazizuii baridi vizuri, hivyo watu hupasha kile chumba walichomo tu, kwa hita ya mafuta ya taa, au hukaa wamefunika miguu kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita upande wa chini na blanketi nene lililotandazwa juu yake. Mwandishi Lafcadio Hearn, aliyefika mwaka 1890 kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, makao makuu ya mkoa huu, aliteswa mno na majira ya baridi ya hapa, na mwaka uliofuata akahamia Kumamoto, kusini zaidi. Nyumba aliyoishi inatunzwa mpaka leo. Nilipoitembelea nikaona ile milango ya mbao na karatasi, sikushangaa hata kidogo kwamba aliondoka.

Shule zilipofunguliwa ndipo nilipokutana na jambo lililonishughulisha kuliko mengine yote, nalo ni ukimya. Nasimama mbele ya darasa la sekondari ya chini, nauliza swali jepesi kama vile Jumapili walifanya nini, na wanafunzi zaidi ya thelathini wanainamisha vichwa kwa pamoja. Wasaidizi wengine niliozungumza nao, hasa waliotoka katika shule ambazo watoto hunyoosha mikono hata kabla swali halijaisha, waliuchukulia ukimya huo kuwa ni uvivu au kutokujua. Mimi sikuweza kuuchukulia hivyo, kwa sababu niliwahi kuishi ndani yake.

Aliyesoma shule ya serikali Tanzania Bara anajua ninachosema. Kwa miaka saba ya shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, tukabishana na walimu, tukapanda mbele kutatua hesabu ubaoni. Kisha tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili, linafundishwa kwa Kiingereza. Niliwaona wasichana waliokuwa wakiongoza darasa letu la msingi wakigeuka mabubu ndani ya muhula mmoja. Jibu walikuwa nalo, ila lugha ya kulitolea hawakuwa nayo, na aliyethubutu akakosea alichekwa. Baadhi yao waliandikiwa kwamba hawashiriki masomoni. Bado naumia nikiwakumbuka, na naamini kwa dhati kwamba akili nyingi za nchi yetu zimepotelea katika mlango ule wa kidato cha kwanza.

Hali ya Japani ni nyepesi kwa upande mmoja: hapa Kiingereza ni somo moja tu, na historia, hisabati na sayansi hufundishwa kwa Kijapani, hivyo mtoto anayekiogopa hupoteza alama za somo hilo bila kupoteza elimu yake nzima. Hata hivyo hofu yenyewe naitambua. Mwanafunzi wa sekondari ya chini anangojewa na mtihani wa kuingia sekondari ya juu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ambao sehemu kubwa yake ni ya maandishi, na amezoea kwamba jibu ama ni sahihi ama si sahihi. Tena hukaa na wenzake walewale katika chumba kilekile mwaka mzima, na kosa analolifanya mbele yao Aprili linaweza kukumbukwa mpaka Machi. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo rasmi katika darasa la tano na la sita, na la tatu na la nne wana mazoezi mepesi ya lugha za kigeni, hivyo wengi hufika sekondari wakiwa wamekwisha kuimba na kucheza kwa Kiingereza. Kusimama peke yako na kuzungumza mbele ya kundi zima ni kazi nyingine kabisa.

Msaidizi hana darasa lake mwenyewe. Mwenye darasa ni mwalimu Mjapani wa Kiingereza, na jambo lolote unalotaka kulibadilisha hupitia kwake, kwa subira na kwa heshima. Mwalimu ninayefanya naye kazi ananizidi umri kwa miaka mingi, na nilimweleza niliyoyaona Tanga. Tukakubaliana kwamba mwanafunzi asiitwe kusimama kabla hajazungumza na jirani yake na kuandika anachotaka kusema. Mabadiliko hayo madogo yalifungua vinywa ambavyo sikuwa nimevisikia muhula mzima.

Vinywa vingine vilifunguka nje ya kipindi. Chakula cha mchana huliwa darasani, wanafunzi wa zamu wakiwa wamevaa kofia na makoti meupe na kuwapakulia wenzao, na baada ya hapo shule nzima, walimu wakiwemo, hushika mifagio na matambara. Mtoto asiyetamka neno somoni huniuliza mambo mengi tukifuta ngazi pamoja: kuhusu mtandio wangu, kuhusu Tanzania, na kuhusu kaka yangu, ambaye wanataka sana kujua kama ni mrefu. Anayenitafuta wakati wa usafi huanza kunijibu darasani baada ya muda. Ningemshauri kila msaidizi asikose chakula na usafi, hata kama mkataba wake haumlazimishi.

Chakula chenyewe kilihitaji mipango. Orodha ya mwezi hutolewa mapema pamoja na viungo vyake, na mwalimu wa lishe alijitolea kuniwekea alama kwenye siku zenye nyama ya nguruwe; siku hizo nabeba wali na samaki, na kwa samaki mkoa huu umebarikiwa. Sikukuu ya Idi nilikwenda Kobe kwa basi kuswali katika msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, nikasalimiana na watu wa mataifa mengi, na nikarudi na moyo uliotulia.

Fomu ya kurudia mkataba huletwa majira ya baridi. Nimekwisha kuitia saini kwa mwaka wa pili, na mimi na mwalimu tunaandaa mtihani wa mazungumzo ambao kila mwanafunzi ataufanyia chumba cha pembeni, bila macho ya wenzake. Walio mwaka wa kwanza sasa watafanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu nikiwa katika mwaka wangu wa tatu, nikikubaliwa kubaki, na nina hamu kubwa ya kuwa nao mpaka wakati huo.