Gramu 515: nilivyochagua darubini nyepesi ya bunduki ya benchiresti

Katika benchiresti, mchezo wa kulenga shabaha bunduki ikiwa imelazwa kwenye mifuko ya mchanga juu ya meza ili risasi zitue karibu-karibu iwezekanavyo, daraja la Light Varmint lina kikomo kimoja kinachotawala vingine vyote: bunduki nzima, darubini ikiwemo, isizidi ratili 10.5, yaani kilo 4.762. Heavy Varmint inaruhusu ratili 13.5, kilo 6.123, na huko unaweza kufunga karibu darubini yoyote uipendayo. Kwenye daraja jepesi hakuna anasa hiyo. Mwenye kununua darubini kwanza huishia kukwangua kitako au kufupisha mtutu ili bunduki ipite mzani. Mimi nilianzia upande wa pili: nilipima kila kitu kingine, kisha darubini ikapewa kilichobaki.

Mzani wangu ni wa jikoni, unabeba kilo 5 na kusoma gramu mojamoja, na niliuhakiki kwanza kwa jiwe la mzani la kilo 2. Bodi inayoshika mtutu na bolti yake, yaani komeo la kufungia risasi, gramu 990. Mtutu wa inchi 22, gramu 2,230. Kitako cha nyuzi za kaboni pamoja na skrubu zake, gramu 850. Triga 90. Jumla 4,160, kwa hiyo zilibaki 602. Pete mbili za alumini za kushikia darubini zilikula 62, zikabaki 540. Hapo nikapunguza tena 25, kwa sababu mzani unaokuhukumu siku ya shindano si wa kwako. Darubini ikabaki na gramu 515.

Namba hiyo ilichuja soko haraka kuliko ushauri wowote. Nightforce Competition ya 15-55x52 ina karibu gramu 790. NXS yao ya 12-42x56 ina karibu kilo moja. Leupold za mfululizo wa Competition zenye lenzi ya mbele ya milimita 45 zina karibu 575, kwa hiyo zinazidi kwa gramu 60. Weaver T-36 iko karibu na 480, inaingia. Darubini kadhaa za zamani zenye ukuzaji usiobadilika wa mara 24 au 36 nazo zinaingia.

Gramu 60 zaweza kuonekana si kitu. Zigeuze ziwe chuma. Mtutu wangu una kipenyo cha milimita 22 kwenye ncha, na kila sentimita yake pale ina uzito wa gramu 27 hivi. Gramu 60 ni sentimita 2 na ushei za mtutu, na hilo mtu anaweza kulivumilia. Lakini tofauti ya gramu 320, ambayo ndiyo inayotenganisha darubini ya 480 na ile ya 800, ni sentimita 12 za mtutu, au mtutu mwembamba zaidi kwa urefu wote. Tena uzito huo unahama kutoka usawa wa mtutu kwenda milimita 45 juu yake. Kwa bunduki ya kilo 4.762, kitovu cha uzito kinapanda kama milimita 3. Bunduki inayotelezea kwenye mifuko ya mchanga inaionja tofauti hiyo: inapopiga teke na risasi kuanza kuzungushwa na mifereji ya mtutu, ile yenye kichwa kizito huelekea kulala upande.

Kuhusu ukuzaji sikubishana sana na nafsi yangu. Mara 36 inatosha kuona matundu ya milimita 6 kwenye yadi 100, na kwenye yadi 200 hewa ikiwa tulivu. Mara 45 au 60 hukuonyesha zaidi asubuhi tu. Jua likishapanda unakuza mazigazi. Gawanya lenzi ya mbele kwa ukuzaji upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 40 kwa 36 ni milimita 1.1, 45 kwa 45 ni milimita 1. Mwanga mwembamba hivyo hulazimisha kichwa kikae mahali pamoja, jambo linalochosha, ila linapunguza makosa ya paralaksi, yaani msalaba kuonekana kutembea juu ya shabaha jicho likisogea.

Sababu kubwa ya kung'ang'ania ukuzaji usiobadilika ni nyingine. Darubini ya kuvuta na kurudisha ina mrija wenye mikato na lenzi zinazosogea ndani yake, na kila kinachosogea kina mwanya. Sasa fanya hesabu hii. Kliki moja, yaani hatua moja ya kizungushio cha kurekebisha shabaha, ni 1/8 ya dakika ya pembe, sawa na milimita 3.3 kwenye yadi 100. Ikiwa lenzi ya mbele ina umbali wa fokasi wa milimita 200, zile milimita 3.3 kule kwenye shabaha ni mwendo wa mikroni 7 tu ndani ya darubini, kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Na benchiresti ni mchezo ambao kundi la risasi tano lenye upana wa milimita 5 kutoka kitovu hadi kitovu ni zuri, si muujiza. Mrija wa ndani ukihama mikroni 3 katikati ya kundi, umeshindwa na wala hutajua, utalaumu upepo.

Kwa hiyo uwazi wa kioo niliuweka nyuma. Darubini angavu isiyoshika mahali ni pambo. Nilichukua tatu zilizoingia kwenye gramu 515, mbili zimetumika na moja mpya, nikazijaribu kushika kabla ya kuamua.

Jaribio linahitaji darubini mbili kwa wakati mmoja. Nilitengeneza bamba la alumini la unene wa milimita 12 linalofungwa kwenye kitako cha pete cha bunduki (msingi ambao pete hukalia), likabeba darubini mbili ubavu kwa ubavu. Uzito hauna maana hapa. Unachagua alama moja kwenye yadi 100, unaielekeza darubini ya kwanza kwa mifuko ya mchanga, kisha unaileta ya pili kwenye alama ileile kwa vizungushio vyake. Piga risasi moja. Fungua bolti, usiguse kizungushio chochote, irudishe ya kwanza kwenye alama kwa mifuko tu, halafu chungulia ya pili. Kama bado iko kwenye alama, zote zimeshika. Zikiachana, mojawapo imehama. Andika, piga tena, hadi risasi 10.

Kabla ya yote rekebisha lenzi ya jichoni ukitazama ukuta mweupe, ili nyuzi za msalaba zikolee bila jicho kujikaza. Halafu ondoa paralaksi kwenye zote mbili kwa kutikisa kichwa juu-chini na kuzungusha fokasi mpaka msalaba usitembee juu ya shabaha. Namba zilizochongwa kwenye pete ya fokasi zipuuze. Kwenye yangu, yadi 100 halisi iko karibu na alama ya 125. Funika bamba kwa kitambaa cheupe. Jua likilipiga upande mmoja linapinda, na utaihukumu darubini isiyo na kosa.

Jozi ya kwanza zilikuwa pamoja kwa risasi 2, ya tatu zikaachana kwa nusu ya kitone cha katikati ya msalaba. Kitone kile kinafunika milimita 3.3, kwa hiyo tofauti ilikuwa milimita 1.6 hivi. Risasi ya sita zikarudiana, ya saba zikaachana upande uleule. Nikaondoa moja na kuweka ya tatu: tofauti ikatoweka. Aliyehama akajulikana. Sitataja mtengenezaji, maana ilikuwa darubini moja iliyotumika, na sababu yake nusu ilikuwa yangu: kizungushio cha juu kilikuwa karibu na mwisho wa njia yake, mahali ambapo springi inayokandamiza mrija wa ndani imelegea. Nikaweka kipande cha shaba cha milimita 0.25 chini ya kitako cha pete cha nyuma ili vizungushio virudi katikati. Ikapungua, haikuisha. Nikaiacha.

Wapo wanaomaliza tatizo hili kwa kuugandisha kabisa mrija wa ndani na kurekebisha kwa kuisogeza darubini nzima kwenye pete maalumu za nje. Kiufundi ndilo suluhisho safi zaidi. Lakini pete hizo zilinizidishia gramu 90 juu ya za kawaida, na sikuwa nazo. Kwenye Heavy Varmint ningefanya hivyo bila kusita.

Niliyochagua ina gramu 478, mrija wa inchi 1, fokasi ya kuzungusha kwenye lenzi ya mbele. Hilo la mwisho ni la kuangalia: fokasi ya pembeni ni raha zaidi ukiwa umekaa, ila inaongeza sehemu nyingine ya kusogea ndani, na kwa kawaida gramu pia. Mrija wa milimita 30 nao hudai pete nzito zaidi.

Kufunga. Bolti nje ya bunduki, kwanza. Pete nilizilaza kwa epoksi: darubini ilipakwa nta ya viatu, epoksi kidogo ndani ya nusu ya chini ya pete, darubini ikawekwa bila kukandamizwa, ikaachwa siku nzima. Hivyo mrija hukaa bila kupindwa hata kama pete hazijanyooka sawasawa. Skrubu za juu kwa bisibisi ya torki, Nm 1.8, kwa kupokezana kona kwa kona, mianya ya pande mbili ikiwa sawa. Kwa mirija hii nyembamba Nm 2 ndio mwisho. Ukizidisha, pete inaubana mrija wa nje, mrija wa ndani unakosa uhuru, na kliki zinaanza kuruka: unazungusha 2 haisogei, ya tatu inasogea yote. Ukilegeza, darubini inateleza mbele kidogokidogo kila bunduki inapopiga teke. Chora mstari mwembamba wa penseli kwenye mrija ukingoni mwa pete ya nyuma. Ukitengana na pete umeshapata jibu.

Kofia ya kuzuia mazigazi ya mtutu yasipite mbele ya lenzi nilitengeneza kwa karatasi ngumu nyeusi, gramu 14. Ile ya alumini niliyokuwa nayo ilikuwa 52. Kwa kazi hii hazitofautiani, ila ya karatasi haipendi mvua.

Siku ya shindano kliki nazigusa mara chache. Nikihitaji kushuka 3, nazungusha 6 chini kisha narudi 3 juu, nagonga kizungushio kwa kucha, na napiga risasi mbili kwenye shabaha ya majaribio kabla ya kuiamini. Marekebisho mengine hayakai mpaka bunduki ipige teke, na ndani ya dakika 7 za kila raundi idadi ya risasi za majaribio haihesabiwi, kwa hiyo ubahili hapo hauna faida.

Jumla yangu ilifika 4,717 pamoja na epoksi na kofia. Gramu 30 za risasi ya kuvulia samaki nikazigandisha nyuma ya kitako, chini kabisa, ili bunduki irudi kwenye mstari wake vizuri zaidi. Mzani wangu ukasoma 4,747. Wa shindano ukasoma 4,756.