Siku yangu na milango mitano ya Himbi

Saa 12:30 asubuhi natoka Katindo kwa miguu kwenda Himbi, mtaa mwingine wa hapa Goma. Kwenye begi kuna kikwangulio, msasa, brashi mbili ambazo simwazimi mtu, na soksi ya nailoni ya mke wangu. Ni ya kuchujia rangi, msinicheke.

Saa 2. Mama mwenye nyumba ananionyesha milango yake, imepakwa mwezi uliopita tu. Napitisha ukucha kwenye fremu ya kwanza, na rangi nyeupe inanifuata utepe mzima kama ganda la ndizi. Chini yake kahawia ya zamani bado inang'aa. Aliyenitangulia alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kupiga msasa hata kidogo, itashika wapi? Bawaba amezipaka, kitasa amekipaka, na chini ya kila paneli kuna machozi yaliyogandia njiani.

"Sasa papa, si upake tu nyingine juu?"

Hapana, mama. Nyingine itaanguka pamoja na hii. Kisha tunafika kwenye pesa, na hapo ndipo penye maneno: kazi ya kubandua ni ndefu kuliko ya kupaka, naye alishalipa mara moja. Namwelewa. Tunakubaliana nianze na miwili.

Saa 3 nachokoa rangi kwenye skrubu kwa ncha ya kisu, nateremsha milango na kuilaza juu ya mabenchi. Ukipaka mlango umelala, rangi haina pa kutiririkia. Naosha kwa sabuni kwanza, hasa karibu na kitasa, maana ukipiga msasa juu ya jasho la mikono unalisugulia ndani ya mbao. Halafu nakwangua. Halafu msasa namba 120, nikiulowesha maji: nyumba ni ya zamani, rangi za enzi zile zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto wanapita hapa. Nasugua mpaka ile kahawia ififie, iwe kama ubao wa shule uliofutwa kwa kitambaa. Mpaka saa 7 niko hapo hapo, bega linaniuma.

Bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Dakika ishirini.

Saa 8 adui ni vumbi. Nyie wa Goma mnalijua, lile jeusi la mawe ya volkano: linapita hata chini ya mlango, na kwenye rangi nyeupe linaonekana kama pilipili manga. Nafunga madirisha ya barabarani, namwagia sakafu maji, nafuta mbao kwa kitambaa chenye unyevu. Ndipo nafungua kopo. Namimina kidogo kwenye kikopo kupitia soksi, nachovya theluthi tu ya nywele za brashi. Paneli kwanza, kisha mbao za kulala, mwisho za kusimama, nikifuata mkondo wa mbao. Nikiona kasoro pale palipoanza kukauka, sirudi. Kesho msasa utapamaliza.

Saa 11 nimemaliza kupaka rangi ya msingi kwenye upande mmoja wa milango miwili. Usiku wa hapa una baridi, kwa hiyo haigeuzwi kabla ya kesho.

"Kwa hiyo leo ninalala bila mlango?"

"Ndiyo, mama."

Ameguna, akaenda kuleta kitenge na misumari miwili. Nyundo nimemwazima.