Misionari mpya, anza na barua ya mwaliko

Misionari anayetumwa na dayosisi ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kwa mara ya kwanza, akialikwa semina ya wiki mbili Wittenberg, Ujerumani, mji wa Martin Luther, huanza na sanduku: sweta, viatu, kitenge cha zawadi. Aanze na barua ya mwaliko. Safari nyingi huharibikia hapo.

Isome barua ukiwa umefungua pasipoti pembeni. Majina yalingane herufi kwa herufi. Barua ikiandika "Mchungaji Yohana" na pasipoti inasema John, omba barua nyingine siku hiyohiyo. Cheo kisiingie kwenye nafasi ya jina, hata kwenye tiketi. Kisha tafuta sentensi inayosema nani analipa nauli, malazi, chakula na bima. Wenyeji huandika "tutamhudumia ndugu yetu". Ni maneno ya upendo, ila afisa wa viza hana pa kuyaweka. Kila gharama itajwe pamoja na mlipaji wake. Dayosisi nayo iandike barua yenye sahihi na mhuri: wewe ni mtumishi wake, kituo chako ni kipi, na unarudi kazini tarehe gani. Kwa kijana ambaye hajaoa wala kuolewa, hiyo tarehe ya kurudi ina uzito mkubwa.

Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Lenga miezi 3, maana nafasi za miadi huwahi kujaa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ina kurasa 2 tupu, na itabaki hai miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Ada ni euro 90 na hairudishwi hata ukinyimwa. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Kosa la kila mara: mtu ananunua bima ya siku 14 za semina, anasahau siku ya kufika na siku ya kuondoka.

Ukifika Berlin, kwenye mashine ya tiketi chagua Lutherstadt Wittenberg, jina zima. Kuna mji mwingine uitwao Wittenberge, wenye "e" mwishoni, uko njia ya Hamburg, na mgeni aliyechoka hukosea. Treni ya mwendo kasi, ICE, kutoka Berlin hutumia kama dakika 40. Plagi zetu za pini tatu haziingii kule, beba adapta. Ratiba ikiandika 09:00 ni saa tatu kamili asubuhi, uwe umeshaketi.

Sasa lililo kubwa. Utaulizwa habari za kanisa lako, na wengi hapo hubabaika kwa sababu wamejiandaa kumzungumzia Luther, mwanzilishi wa Ulutheri. Andaa dakika 10. Makanisa saba yaliyoungana Juni 1963 yakawa KKKT. Misheni ya Leipzig iliyofika Kilimanjaro 1893. Mkutano wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam 1977, ambapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza. Halafu shuka mtaani kwako: washarika wangapi, sadaka ya mazao inakusanywaje, mwinjilisti anatembea kilomita ngapi. Hapo ndipo chumba kizima huinua kalamu.

Mlango wa Kanisa la Ngome la Wittenberg unaouona leo ni wa shaba, uliwekwa 1858, hoja 95 za Luther za kutaka kanisa litengenezwe zimechorwa juu yake kwa Kilatini. Ule wa mbao wa 1517, alipoziandika, uliungua. Kaburi la Luther limo humo ndani, na la Melanchthon, mwenzake katika kazi hiyo, pia.

Kwenye Kanisa la Mjini, alikohubiri Luther, nenda umejiandaa moyo. Nje, juu ukutani, kuna sanamu ya mawe ya tangu kama mwaka 1300 inayowadhihaki Wayahudi kwa kuwaonyesha wakinyonya nguruwe. Luther mwenyewe aliandika maneno mabaya dhidi yao mwaka 1543. Fungamano liliyakataa maandishi hayo ya Luther kwenye mkutano wake wa Budapest, 1984. Wewe na wenzako wa semina mtalizungumza jambo hili pamoja, chini ya sanamu hiyohiyo, na bamba la kumbukumbu la shaba liko ardhini miguuni penu. Lisome kwanza, ndipo uinue macho.