Mapazia ya Mama

Desemba 2014 nilirudi nyumbani Pasua, Moshi, kutoka chuoni, na laptop, flashi ya GB 16 na kiherehere. Nilishampigia baba simu kumwambia kanda zake za muziki wa dansi sasa zipumzike: Mbaraka Mwinshehe ninaye, Marijani Rajab ninaye, wote ndani ya kitu kidogo kuliko kidole. Alijibu tu, "Njoo nao, tutasikia."

Tulisikia. Nilichomeka waya kwenye tundu la hedifoni la laptop, upande wa pili nyuma ya amplifaya yake ya mtumba, nikabonyeza. Besi ikaja vizuri, tumba zikaja. Kisha yakaingia matoazi ya drams, utadhani mtu anakwangua ukoko wa ugali sufuriani. Kila "s" ya mwimbaji ilitoka kama cheche. Baba alivumilia wimbo mmoja na nusu.

"Mama," ndivyo anavyoniita, "hiyo inachoma masikio. Nirudishie kanda yangu."

Iliniuma. Nikapunguza trebo, yaani zile sauti nyembamba za juu, waimbaji wakawa kama wamefunikwa blanketi. Nikairudisha, ukoko nao ukarudi. Kesho yake nikashuka mjini na hela ya viatu vya Krismasi, nikanunua kadi ya sauti ya kuchomeka kwenye USB. Nilisikia tofauti, lakini nadhani ni kwa sababu nilishalipa. Baba hakusikia chochote.

Jioni nikamwita fundi redio, jirani yetu, mzee mpole anayefanyia kazi kibarazani kwake. Nilitegemea aifungue amplifaya. Hakuigusa. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja, paa! Kofi likarudi kutoka ukutani likiwa na wembe.

"Dada, hii sebule siku zote iko hivi?"

Ndipo nikatazama. Sakafu ya saruji imesuguliwa rangi nyekundu, tupu. Madirisha vioo vitupu. Hata vitambaa vya makochi havikuwepo. Mama alikuwa anafua kwa ajili ya sikukuu, na mapazia na zulia vilikuwa nje juu ya ua wa michongoma, ambako nilivipita siku tatu nikienda na kurudi. Sauti nyembamba ndizo kwanza kumezwa na kitambaa. Hapa hazikuwa na pa kumezwa, zikawa zinadunda tu. Na spika zote mbili nilikuwa nimezielekeza moja kwa moja kwenye kiti cha baba.

Akaomba aone laptop. Kwenye programu ya muziki, ikwalaiza, pale pa kupandisha na kushusha besi na trebo, ilikuwa vilevile nilivyoiweka bwenini kwa ajili ya visikilizi vyangu vya bei poa: trebo juu, na kile kitufe cha kuongeza sauti yote, juu kabisa. Fundi akacheka. Akachukua bahasha, akachora kwa kalamu vilele viwili vya Kilimanjaro.

"Mawenzi hii, ina ncha. Kibo hii, iko kama imepigwa panga. Sauti ndani ya kompyuta ni namba, na zina dari. Muziki wa biti 16 hauvuki 32,767. Ukiusukuma upite hapo haupandi, unakatwa kichwa. Umepewa Mawenzi, wewe unacheza Kibo."

Na pale panapokatwa, aliniambia, huzaliwa sauti kali ambazo hakuna mwanamuziki aliyezipiga. Ndiyo maana kadi yangu haikusaidia kitu: kichwa kilishakatwa ndani ya programu kabla wimbi halijaifikia. Nikamwambia asiisemee sana hiyo kadi mbele ya mama.

Alizima ikwalaiza. Kuhusu nyimbo zenyewe hakunipa matumaini. Nyingi zilikuwa MP3 za kbps 128, yaani faili zilizobanwa sana, na zile zilizoandikwa 320 alizishuku kuwa ni zilezile zimevalishwa suti. Kilichotupwa wakati wa kubana faili hakirudi kwa kuongezewa namba. "Tafuta CD," akasema, akanywa chai, akakataa hela.

Asubuhi mapazia yalikuwa yamekauka, ila mama hakutaka yatundikwe bila pasi. Umeme ulikuwa umekatika. Nikawasha pasi ya mkaa, nikanyoosha mapazia sita peke yangu, jasho linanitoka, mama amesimama mlangoni ananionesha mikunjo niliyoiacha. Nikayatundika, nikatandika zulia. Spika nikazigeuza kidogo zisimtazame mzee usoni.

Umeme uliporudi nikaweka wimbo uleule. Matoazi yalikuwepo, ila sasa yalikuwa nyuma ya mwimbaji, yanaposikika dansini. Baba alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha miguu.

"Weka mwingine."

Kanda hakuzitupa, na mimi sikumwambia tena azitupe. Krismasi nilienda kanisani na viatu vya zamani.