Fremu ya Louis-Philippe: kona imekubali

Imeng'aa! Ile kona ya chini kushoto ya fremu ya kioo cha kujitazama ninayoivisha upya utando wa dhahabu, iliyonikondesha tangu baridi ianze hapa Lyon, jana usiku imeshika dhahabu na haikuachia.

Wanaofuatilia wanaijua fremu yenyewe: enzi ya Louis-Philippe, mfalme wa Ufaransa, 1830 hadi 1848, kona za juu mviringo, za chini mraba, vimaua vimechorwa ndani ya plasta. Mambo ya chaki na gundi ya ngozi ya sungura, ndiyo plasta yenyewe, na udongo mwekundu unaolaliwa na dhahabu, sirudii.

Shida ilikuwa hii. Kila nikisugua kwa akiki, jiwe laini la kung'arishia, dhahabu inatoka na udongo wake, vidole vinabaki vyekundu. Nikashuku gundi. Nikaizidisha, nikaipunguza, wapi! Kona tatu zinang'aa, moja imenuna. Mwishowe nikashika kisu nikachimba. Chini ya plasta nyeupe nikakuta tabaka la rangi ya bronzi ya kopo, ile ya kuigiza dhahabu, limegeuka kijani cha tope. Fundi fulani wa zamani alificha ufa kwa rangi ya mafuta, mwingine akaja kuufunika. Plasta ya maji ishike vipi juu ya mafuta? Na mtu ana dhahabu halisi mbele yake, mkono unakwenda kwenye kopo!

Nikakwangua mpaka kwenye mbao, nikaanza upya, vimaua navyo nikavichora upya. Kisha kuvizia muda. Dhahabu ikiwa mbichi inachanika, ikikauka mno haing'ai. Naigonga taratibu kwa akiki: sauti ikiwa butu, nangoja; ikilia kakavu, kama ukucha kwenye kikombe cha kauri, nasugua hapo hapo.

Akiki yenye umbo la jino la mbwa ndiyo inayoingia kwenye mikunjo. Ile bapa inasifiwa bure, labda kwa kingo. Na brashi ya manyoya ya kindi, ya kubebea dhahabu, ipitishe shavuni tu, mafuta ya uso yanatosha kunasa dhahabu. Vichupa vya mafuta ya brashi vya madukani ni kupoteza hela.

Nilipanga kubadilisha kioo, kile cha zamani chenye mgongo wa bati na zebaki kimejaa madoa ya kijivu. Nimeghairi. Mwanga wake wa ukungu unapatana na dhahabu kuliko kioo kipya, mradi mgongo wake wenye sumu siugusi bila glavu.

Mbao za nyuma nazo zitangoja, maana nimeshabeba fremu nyingine kutoka sokoni, ya mtindo wa mfalme Louis XVI, utepe juu na shanga kuzunguka. Nusu ya shanga zimeng'oka. Kalibu ya silikoni ya kutolea shanga mpya iko mezani inakauka.